"Sina Uzoefu"

Mhadhara kwa wahitimu wa vyuo, ukumbi wa parokia, Tabora mjini

Mwangaluka! Najua saa nane mchana siyo saa ya salamu hiyo ya asubuhi, wazee wa huku Unyanyembe watanisamehe.

Kabla sijaendelea, geuka kwa jirani yako. Mweleze kwa dakika moja kazi uliyoifanya kwa mikono yako mwaka huu. Kazi, siyo kozi. Haya.

Mmeona? Nusu ya ukumbi imeinama. Kijana wa pale nyuma kamjibu mwenzake, "Mimi tangu nimalize chuo nipo nipo tu." Nimekusikia, usijifiche. Nilikuwa afisa utumishi, na nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka kumi na miwili kabla sijastaafu. Hiyo "nipo nipo tu" imeangusha watu wengi kuliko swali lolote gumu tulilowahi kuuliza.

Alikuja binti mmoja kuomba kazi ya utunzaji kumbukumbu. Cheti kizuri, kavaa vizuri, sauti haisikiki. Tukamwambia ajieleze. Akaanza jina, akazaliwa, akasoma msingi, akasoma sekondari, akasoma chuo, yaani yale yale tuliyokuwa nayo mezani kwenye wasifu wake. Mwenzangu akamuuliza uzoefu wake. "Sina uzoefu." Tukamuuliza kumbukumbu ni nini, akaimwaga fasili kama anasali Baba Yetu. Tukampa alama za wastani, na alama za wastani maana yake umekosa.

Anakusanya vyeti vyake, nikamuuliza tu kama mzazi: nyumbani mnalima nini? "Tumbaku, Sikonge." Na siku za soko pale chama cha msingi cha ushirika, nani anaandika? "Ni mimi, baba. Msimu wa tatu huu."

Nikaweka kalamu chini. Wenyeji mnajua soko la tumbaku lilivyo. Robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, linapanda mizani, mteuzi anataja daraja la ubora, mkulima kasimama roho mkononi kwa sababu daraja ndilo bei yake. Huyu binti ndiye aliyekuwa anaandika namba ya mkulima, uzito na daraja, na jioni daftari lake lazima likubaliane na la mnunuzi, la sivyo hakuna anayelala. Akatusimulia kwamba mara moja robota la mzee mmoja halikuonekana kwenye orodha. Akarudi kurasa nyuma moja moja, akakuta limeandikwa kwa namba ya jirani yake. Mzee akalipwa. Hapo sauti ilisikika mpaka dirishani!

Lakini muda wake ulikuwa umekwisha na karatasi za alama zimeshasainiwa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kumuuliza wakati ule.

Kwa nini alikificha kitu kama hicho? Kwa sababu aliamini uzoefu ni barua yenye muhuri. Na sisi wakubwa ndio tuliomfundisha hivyo, tulipoandika matangazo yetu. Ukilinda duka la mjomba pale Kanyenye, ukajua nani anakopa na nani halipi, hiyo ni kazi. Ukipakia asali kwenye madumu na kujua ipi ina maji, hiyo ni kazi. Usiipambe ikawa "meneja wa mauzo", jopo litakucheka. Iseme ilivyo.

Basi fanyeni hivi. Chukua daftari la kawaida, andika matukio kama matano ya kweli. Nani alikuwa anakutegemea, nini kiliharibika, ukafanyaje, ikawaje. Halafu fungua tangazo la kazi, nenda pale kwenye majukumu, mstari kwa mstari, uone tukio gani linakaa na jukumu lipi. Jukumu lisilo na tukio, hapo ndipo pa kusoma usiku. Watu wengi husoma tangazo mara moja, siku ya kuomba, na wakiitwa hawakumbuki hata waliomba nini.

Kisha yaseme kwa sauti. Wengine watakwambia ufanye mazoezi mbele ya kioo. Mimi sikipendi kioo, hakikatizi mtu. Msimulie bibi yako. Bibi atakukatiza: "Sasa wewe ukafanyaje?" Na hilo ndilo swali la jopo, neno kwa neno. Kama usaili unaweza kuwa wa Kiingereza, simulia kwa lugha zote mbili, maana mtu anaweza kuwa na hadithi nzuri kwa Kiswahili ikamfia mdomoni akibadili lugha.

Hofu. Siwadanganyi kwamba itaondoka. Mwili ukidhani kuna hatari unamwaga adrenalini: moyo unadunda, mdomo unakauka, viganja vinalowa. Hiyo ni kawaida, na wajumbe wa jopo wameiona mara mia. Njia inayonisaidia mimi hata leo, na nimeifanya pale mlangoni kabla sijaingia humu, ni kuvuta pumzi kawaida na kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, mara tano au sita. Pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo. Na ukiulizwa swali, una haki ya kunyamaza kidogo. Kwako sekunde tatu zitaonekana kama saa nzima, jopo litaona mtu anayefikiri.

Kuna swali nililetewa kwa karatasi: nikiingia niseme shikamooni? Sema, mara moja, kwa wote, halafu subiri uambiwe ukae. Usimpe kila mmoja yake, maana huenda aliyekaa pembeni ni wa rika lako na utamtia aibu.

Mavazi nayapita. Safi, yamepigwa pasi, viatu visikubane. Suti ya kuazima inaonekana.

Makaratasi ndiyo yanayoniuma. Hapa nitajitaja mwenyewe. Nikiwa kijana niliitwa usaili kwenye ofisi moja, sitaitaja. Mimi ni pacha, Kulwa. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Kulwa, cha kidato cha nne kiliandikwa Kurwa. Herufi moja! Nilirudishwa mlangoni. Leo ukiomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, ile ya utumishi wa umma, matangazo yao ya kuitwa kwenye usaili yanasema wazi: njoo na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho; hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi badala ya cheti. Majina yakitofautiana utatakiwa kuwa na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo huipati asubuhi ya usaili. Fungua bahasha yako leo jioni. Kina Doto wenye t moja na t mbili, nawaangalia ninyi.

Kwenye Sekretarieti kuna mchujo wa kuandika, kwa kada nyingine usaili wa vitendo, kisha mahojiano. Nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti yako kabla hujasafiri. Na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Ukiitwa Dodoma, usipange kufika alfajiri na kuingia ukumbini na vumbi la njia. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na bado nisingemshauri mtu kupanda treni usiku wa kuamkia usaili. Lala huko, hata kwa ndugu wa mbali, hata sebuleni.

Mengine mtaniuliza wakati wa chai. Sasa hii meza iwe jopo. Mzee wa parokia, kaa hapa kulia kwangu, na wewe mama pale kushoto. Kijana wa nyuma, wa nipo nipo tu, njoo. Ndiyo, wewe. Toka nje kwanza, ubishe hodi.

Karibu. Shikamoo yako tumeipokea, kaa. Mwaka huu, kwa mikono yako, umefanya nini?

... Bodaboda? Ya nani? ... Ya shemeji. Na hesabu unampelekea kila siku? ... Kwa daftari. Haya, hilo daftari lilipokosana na fedha mfukoni, ukafanyaje?