Pwani Isiyopwa Wala Kujaa

Assalaam alaykum, na wazee wangu wote shikamooni. Nimeombwa nimalize kabla ngalawa za usiku hazijatoka, kwa hiyo nitazungumzia sayari moja tu.

Tazameni kusini, juu ya minazi ile. Kushoto kwa Msalaba wa Kusini zipo nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Jirani yake ni nyota ndogo, nyekundu, isiyoonekana kwa macho matupu: Proxima Centauri. Ukiacha Jua, hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo, na bado nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4 mpaka ifike Bagamoyo. Mwaka 2016 wanaanga walitangaza kuwa ina sayari. Hawakuiona. Waliona nyota ikiyumba, kama mvuvi anavyoona mshipi ukicheza akajua chini pana samaki.

Sayari hiyo iko karibu mno na nyota yake, humaliza mzunguko kwa siku 11 tu. Kwa ukaribu huo, wengi wanaamini inaigeuzia nyota yake uso mmoja daima, kama Mwezi unavyotufanyia sisi. Haya, twende tukasimame ufukweni kwake. Bahari naiweka mimi, msinidai ushahidi.

Jua la huko ni jekundu, upana wake mara tatu ya letu, na limeganda. Uliposimama pakiwa machweo, ni machweo leo, kesho na mtondogoo. Maji hayapwi wala hayajai: yalipovutwa na nyota yamevimba palepale. Hapa kwetu bamvua likiingia, maji yanakimbia, miamba inabaki wazi, kina mama wanakwenda kuchokoa pweza. Huko hakuna bamvua wala maji mafu. Ngalawa ikishakwama mchangani, usingoje maji yaje kuieleza. Itisha vijana msukume.

Kusi na kaskazi hazipo pia. Kama hewa ipo, upepo ni mmoja: ya upande wa mchana inapata moto na kupanda, ya upande wa giza inakuja chini chini kushika nafasi yake. Ni ule upepo wa bahari wa alasiri, ila huu haugeuki usiku. Kwenda gizani utapiga makasia, kurudi utatweka tanga.

Mzee pale mbele anacheka, anauliza huko magharibi inaswaliwa saa ngapi. Mzee wangu, hilo nawaachia masheikh. Mimi ningebeba saa ya Bagamoyo.

Kinachonitia shaka ni nyota yenyewe, ina hasira. Machi 2016 ililipuka, kwa muda mfupi ikang'aa mara 68 ya kawaida yake, kiasi cha kuonekana kwa macho penye giza totoro. Milipuko ya aina hiyo ikijirudia huweza kuikwangua hewa yote, pakabaki mwamba mtupu. Kwa hiyo hata upepo niliowauzia sasa hivi huenda haupo.

Kijana, hebu zima hiyo taa ya barazani, waione vizuri Alpha Centauri.