Sanduku Lenye Kufuli Mbili

Asanteni, karibuni mkae. Wa nyuma kule mnanisikia? Vizuri.

Wengi wetu hapa tunaitaja nasaba yetu kama kamba: fulani bin fulani bin fulani, jina la mtoto likimvuta baba, la baba likimvuta babu. Mwingereza wa shamba hana kamba hiyo. John Hancock ni John Hancock tu. Jina halikwambii baba yake alikuwa nani, na huenda kijijini wakawepo akina John Hancock watatu. Anayetafuta ukoo wake huko hana budi kwenda kwenye daftari la parokia, kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Leo nataka tukisome kitabu hicho kwa swali moja: nani alitaka kiandikwe, na kwa faida ya nani?

Kilianza Septemba 1538. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kasisi kila Jumapili aandike waliobatizwa, waliooana na waliozikwa wiki hiyo, mbele ya mzee wa kanisa. Asipoandika, faini: shilingi 3 na peni 4. Kitabu kikae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi, wa pili kwa wazee wa kanisa, ili pasiwe na mtu wa kulifungua peke yake. Watu wakaanza kunong'ona: hapa kodi inakuja.

Hawakukosea, ila waliwahi kwa miaka 245. Mwaka 1783 Bunge lilitoza peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa na maziko. Mkusanyaji alikuwa kasisi, naye akibaki na sehemu ya kumi. Fukara walisamehewa. Sasa fungueni madaftari ya mwishoni mwa Septemba mwaka huo: wazazi wanapeleka watoto kubatizwa kwa makundi ili kuiwahi Oktoba, kodi ilipoanza. Baada ya hapo herufi P, alama ya fukara, inaanza kuzagaa pembeni mwa majina. Vijiji vilifilisika kwa mkupuo? Sidhani. Mimi naona baadhi ya makasisi waliona haya kumdai mfiwa. Kodi yenyewe ilifutwa 1794.

Ndani ya sanduku lilelile mna karatasi ninazozipenda kuliko daftari. Kwa sheria ya 1601 kila parokia ililisha maskini wake kwa michango ya wenye mali, na sheria ya 1662 iliwaruhusu kumrudisha kwao mgeni waliyeona atakuja kuwa mzigo. Kwa hiyo msichana asiye na mume akipata mimba, wakubwa wa parokia walimbana amtaje mwenye mimba. Ubatizo ukifika, mara nyingi daftari linaandika jina la mama na neno moja la kumfedhehesha mtoto. Baba hayumo. Lakini nendeni kwenye karatasi hizo nyingine za sandukuni, za ahadi za malipo: yumo, ameandikwa jina na kazi yake, na ameahidi kulipa, maana majirani hawakuwa tayari kumlelea. Wangapi wamekata tamaa na babu asiyejulikana, kumbe amelala kwenye bunda la madeni!

Onyo dogo kwa watakaojaribu. Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mkikuta mtoto amebatizwa Novemba 1700 na akazikwa Februari 1700, msidhani karani alikuwa amelewa. Februari ilikuja baada ya Novemba, ndani ya mwaka uleule.

Sasa twende Eyam, kijiji cha Derbyshire. Tarehe 7 Septemba 1665 alizikwa George Viccars, aliyekuwa akiishi nyumbani kwa fundi cherehani. Inasimuliwa kwamba kitambaa kutoka London ndicho kilicholeta viroboto wenye tauni. Juni 1666 kasisi William Mompesson, akisaidiwa na Thomas Stanley aliyekuwa kasisi wa hapo kabla yake akaondolewa, waliwaomba watu wasitoke kijijini ili wasiwaambukize majirani. Wakakubali. Chakula kililetwa mpakani, na sarafu za malipo zikaachwa ndani ya siki. Wakakubaliana pia kwamba kila nyumba izike wafu wake, bustanini au shambani. Ndiyo maana daftari limejaa majina, na ukienda uwanja wa kanisa kutafuta makaburi yao huyaoni. La mke wa kasisi, Catherine, lipo.

Agosti hiyo, ndani ya siku 8, familia ya Hancock ya shamba la Riley ilipoteza watu 7: baba, yule John niliyemtaja mwanzoni, na watoto 6. Makaburi yao yako kondeni hadi leo, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Mama yao, Elizabeth, ndiye aliyewazika, peke yake. Wanasimulia kwamba alifunga kitambaa miguuni mwa maiti akaiburuta. Baadaye alihamia Sheffield kwa mwanawe aliyebaki.

Kuanzia 1813 madaftari yalikuja na fomu zilizochapwa, zenye nafasi ya kijiji, umri wa marehemu na jina la kasisi aliyeendesha ibada. Nafasi ya aliyechimba kaburi haikuwekwa.

Naona mkono umeinuka kule nyuma. Haya mama, uliza.