Tupime Pumzi ya Samaki, Tusihesabu Mizoga Pekee

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi, wavuvi na wafugaji wa samaki)

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema kila nilipopewa jukwaa, na nitalisema tena: tunahesabu samaki waliovuliwa na waliokufa, lakini ni nadra tupime jinsi samaki aliye hai anavyopumua, awe ziwani au baharini, maji yanapozidi kupata joto.

Ninyi wafugaji wa vizimba mnaijua alfajiri ile ambayo ngege (tilapia) huonekana wakielea wamekufa, na kila mtu akaanza kumtafuta aliyemwaga sumu. Sumu huenda ikawapo, sikatai. Hata hivyo, usiku mwani hautengenezi oksijeni bali huitumia, kama samaki wenyewe, na upepo ukiyapandisha maji ya kina yaliyopungukiwa na oksijeni, ngege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Mbuta (sangara) naye hulemewa upesi. Baadhi ya fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, hustahimili. Kamongo huja juu akavuta hewa kwa mapafu, na akizuiwa asifike juu hufa hata kama maji ni safi. Ziwa ni hilohilo, miili ndiyo inayotofautiana. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba samaki wameathiriwa na joto, humwuliza: samaki yupi, wa umri gani, na oksijeni ilikuwa kiasi gani?

Najua yupo anayejiuliza bahari inatuhusu nini sisi wa Kisumu. Inatuhusu kwa sababu matamvua, viungo vya samaki vya kupumulia majini, hufuata kanuni zilezile. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi 20 za selsiasi, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na maji ya bahari yenye joto hilohilo hubeba 6 na ushei tu. Wakati huohuo, mahitaji ya mwili wa samaki huweza kuongezeka maradufu au zaidi joto likipanda kwa nyuzi 10. Bahari za dunia zimekwisha kupoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake tangu miaka ya 1960, na bado tunaambiwa tusubiri takwimu za mavuno!

Mtasema samaki atahama. Jodari atahama, na mvuvi wa ngalawa hataweza kumfuata. Matumbawe hayana uwezo huo: mwaka 1998, joto lililoandamana na El Niño liliyafanya matumbawe ya pwani yetu yapoteze mwani unaoyalisha, na mengi yakafa. Kuhusu asidi inayoongezeka baharini, muda umenibana. Itoshe kusema kwamba pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapoongezeka, ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1 tangu viwanda vianze, na kwa kipimo hicho badiliko hilo si dogo.

Wanafunzi wangu, kipima oksijeni kiwe majini saa kumi usiku, samaki wanapotaabika, wala kisingoje saa nne asubuhi, mwani ukiwa umeshaanza kazi yake.