Dirisha la Paani: Tuanze na Ukingo

Ndugu zangu, wenye nyumba na ninyi mafundi mliokaa huku mbele, asanteni kwa kuja. Nilipokuwa naingia, mama mmoja alinivuta pembeni pale mlangoni akaniuliza neno moja tu: "Fundi, hilo dirisha la paani halivuji?" Nimemwomba avumilie, nitamjibu mbele ya wote, kwa sababu swali lake ndilo lililonileta hapa.

Mama, kioo hakivuji. Panapovuja ni pale kioo kinapokutana na bati, na mahali hapo panategemea kitu ambacho wateja hawakiulizii, nacho ni ukingo.

Mnakijua kisima cha uani cha kizamani. Kisima kisichojengewa ukingo, mvua ikinyesha, maji yote ya uani na tope lake yanatiririkia ndani. Kijengee ukingo wa kufika magotini, maji yale yale yanazunguka na kwenda zake. Dirisha ninalolizungumzia leo limejengwa kwa akili hiyo hiyo. Ni sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, limesimamishwa juu ya tundu la paa. Kioo na fremu yake vinakaa juu ya sanduku kama mfuniko wa sufuria ambao kingo zake zinashukia nje ya mdomo. Maji yanayoteremka kwenye bati hukutana na ukuta wa sanduku uliovishwa bati. Kioo kinapata mvua inayokiangukia chenyewe tu.

Najua wengi wenu mmezoea zile bati zinazopitisha mwanga, unaondoa bati moja la kawaida unaweka hilo. Sizidharau. Kwa banda la gari au jiko la nje zinafaa sana, na kwa kuwa zinafuata migongo ya bati nyingine hazisumbui kwa kuvuja. Ila ukinunua ya polikaboneti, soma ile nailoni iliyobandikwa juu yake. Upande mmoja ndio uliotiwa kinga ya jua, na ukiulaza chini, baada ya miaka michache bati linakuwa la njano na linakatika kama biskuti. Na tundu la skrubu lizidi unene wa skrubu, kwa sababu polikaboneti hutanuka kwa joto mara tano kuliko chuma. Kipande cha mita 2 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi kinaongezeka milimita 5 hivi. Kikikazwa bila nafasi kinajipasua chenyewe, halafu lawama zinamwendea muuza duka.

Kwa chumba cha kukaa watu, chenye dari, mimi nataka kioo juu ya ukingo. Tuanze na kuchagua.

Jua letu si la Ulaya. Kule wanaelekeza dirisha kusini ili wapate joto la kipupwe. Hapa Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi, kisha tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa. Juni linahamia kaskazini nyuzi 30 hivi kutoka utosini, Desemba linakwenda kusini nyuzi 17 hivi. Kwa hiyo paa linaloinamia kusini linapata nafuu kidogo, hasa miezi ya katikati ya mwaka, lakini hakuna upande wa paa unaokwepa jua. La maana zaidi ni mashariki na magharibi. Mteja akiniambia anataka dirisha la chumba cha kulala kwenye paa la magharibi, namkatalia. Jua la saa tisa na saa kumi litakijaza chumba joto, na joto hilo utalala nalo.

Kwenye kioo tazama mambo mawili. La kwanza ni namba ya joto la jua, iliyo kati ya 0 na 1, inayosema ni sehemu gani ya joto inapita kuingia ndani. Kwa pwani mimi siendi juu ya 0.3. Kioo cha namba hiyo huwa cha tabaka mbili na kimepakwa utando usioonekana kwa macho. La pili, tabaka la ndani liwe kioo kilichobandikwa na plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari, ili kikipasuka vipande vibaki vimeshikana. Chini ya kioo kile mtoto amelala. Hapo sipunguzi bei kwa yeyote.

Kuhusu ukubwa, kuna kipimo kinachotumika sana Marekani: chumba chenye madirisha mengi, dirisha la paani lisizidi asilimia 5 ya sakafu, na chenye madirisha machache lisizidi asilimia 15. Hiyo 15 msiilete huku kwetu pwani. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16. Nikikiwekea dirisha la sentimita 60 kwa 90, ni asilimia 3 na kidogo, na mchana huwashi taa. Mwanga wa juu una nguvu kuliko wa ukutani, watu hawaamini mpaka wauone.

Sasa tupande juu. Tundu linapimwa kutokea darini, halipimwi kutokea juu ya bati. Ingia darini na tochi, tafuta nafasi kati ya kenchi na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kisha piga msumari kwenye kila kona utokeze juu. Papi, ile mbao inayolala juu ya kenchi na kupigiliwa bati, unaweza kuikata, mradi ncha zake zifungwe kwenye mbao mbili za kuvuka zilizoshikwa na kenchi za pande zote mbili. Kenchi usiiguse. Kijana akikuambia "nitakata kidogo halafu niiunge," mshushe.

Na tundu liwe karibu na kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele. Hili nitalikalia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Chukua dirisha la upana wa sentimita 60 lililowekwa mita 4 chini ya kofia. Mvua ya masika ya milimita 50 kwa saa inamwaga lita 120 kwenye kipande cha bati kilicho juu ya dirisha hilo, yaani ndoo 6 za lita 20, na zote zinakuja kugonga ukingo wa juu. Lisogeze liwe nusu mita kutoka kofia, zinabaki lita 15, ndoo moja haijai. Mvua ni ile ile.

Ukingo mimi natumia mbao ya inchi 2 kwa 6, kavu, iliyonyooka. Watengenezaji wengi wanataka angalau inchi 4 juu ya paa, nami napima kuanzia juu ya mgongo wa bati, kwa sababu upepo unasukuma maji yapande. Nunua kioo kwanza, ndipo uunge ukingo, maana mfuniko ndio unaoamua vipimo vya mdomo. Kisha pima kona kwa kona. Sanduku la 60 kwa 90 linatoa sentimita 108 na milimita mbili hivi, njia zote mbili. Zikitofautiana, limepinda, na kioo hakitakaa sawa. Mbao iliyotiwa dawa yenye shaba isigusane na bati lililopakwa aluminiamu na zinki. Unyevu ukikaa kati yao bati linaliwa, kwa hiyo tenganisha kwa karatasi ya lami. Na bati la rangi likatwe kwa mkasi. Grinda inachoma rangi, na cheche zake za chuma zikitua juu ya paa zinaota kutu, ukija kuona paa limejaa madoa ya kahawia.

Kuvisha ukingo bati za kuzuia maji, mwalimu wangu ni fundi wa makuti. Makuti huanza kufungwa chini, ukutani, yakapanda hadi kileleni, kila safu inalalia iliyo chini yake. Fundi wa makuti hana silikoni, na ndani hubaki pakavu. Fanya vivyo hivyo: kwanza bati la upande wa chini, lilale juu ya migongo, kisha la kushoto na la kulia, na la mwisho ni la juu. Hilo la juu liwe bati bapa linaloanzia chini ya kofia kabisa na kushuka hadi ukingoni, ili maji yasitegwe kwenye mabonde ya bati nyuma ya sanduku. Silikoni ni msaidizi. Paa ambalo silikoni ndiyo inayolishikilia, jua la mwaka mmoja au miwili linaifungua.

Kuna kosa langu mwenyewe, nalisema ili msilirudie. Niliweka dirisha kwenye jiko la nyumba moja Lushoto, kule milimani kwenye baridi. Mwezi wa Julai mwenye nyumba akanipigia, dirisha linavuja. Nikapanda kesho yake, asubuhi na mapema. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Nikatazama juu: kwenye ukingo wa chini wa kioo, kwa ndani, matone yamejipanga kama shanga, moja linaanguka, lingine linajaa. Ulikuwa mvuke wa chai na maharage, uliokutana na kioo cha baridi. Fremu ina mfereji wa kupokea maji hayo, na matundu madogo upande wa chini ya kuyatoa nje. Matundu hayo nilikuwa nimeyaziba kwa silikoni, kwa mkono wangu, nikidhani naongeza ulinzi. Nikayazibua kwa ncha ya kisu, maji yakatoka nje yenyewe. Mtakapoona matundu kwenye fremu, yaacheni.

Habari ya wezi pia huulizwa. Grili ya nondo ikae ndani, chini ya kioo, ifungwe kwenye mbao za ukingo. Ikiwekwa nje itatoboa bati mlizohangaika kuzilaza. Na kuta za kile kisima cha mwanga, yaani uwazi unaoshuka kutoka kwenye kioo hadi kwenye dari, zizibwe vizuri, joto la darini na popo visipate njia, kisha zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Chini zitanuliwe kuliko juu, mwanga utatawanyika.

Kazi hii ifanywe Juni hadi Septemba, paa likiwa kavu. Ikiisha, kabla ya gipsamu kupigwa na kabla ya kumalizia malipo, chukueni mpira wa maji. Mmoja akae darini na tochi. Mwagieni upande wa chini kwanza, dakika kumi, kisha pembeni, na juu mwisho. Mkianza juu, maji yatalowesha kila mahali na hamtajua yalipoingilia. Aliye darini akiona hata tone, piga kelele, funga maji, weka alama ya penseli hapo hapo.

Mama yangu wa pale mlangoni, wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Tuambie kwanza paa lako linainamia wapi.