Ufunguo wa Jenomu Anao Nani?

Ndugu Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, wanafunzi,

Hadi mwaka 2008 watafiti wengi waliamini kwamba ukichanganya vinasaba vya mamia ya watu na kutangaza takwimu za jumla tu, hakuna mshiriki atakayetambulika. Mwaka huo ikathibitishwa kwamba mtu aliyepata sampuli ya DNA yako anaweza kukokotoa kama umo katika kundi hilo. Na kama ni kundi la wagonjwa wa kisukari, amekwisha kujua ugonjwa wako. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ziliziondoa haraka takwimu hizo mahali pa wazi, kwa maana kufuta majina kulionekana hakutoshi.

Mwaka huohuo ilianzishwa huko Hinxton, Uingereza, hifadhi ya Ulaya ya jenomu, yaani seti kamili za vinasaba vya watu, iitwayo EGA, ambayo sasa inaendeshwa kwa pamoja na kituo cha Barcelona. Ghala moja, hata likiwa imara, haliwezi kupokea data ambazo sheria za nchi zinazibana zisivuke mpaka. Ndiyo maana mwaka 2022 Ufini, Norwei, Uswidi, Ujerumani na Hispania zikawa vituo vya kwanza vya mtandao wa shirikisho, ambamo jenomu hubaki katika seva za nchi yake, na kinachopelekwa katika orodha ya pamoja ni maelezo tu: utafiti ulihusu nini, ulikuwa na sampuli ngapi, na vipimo gani vilitumika.

Niruhusuni nieleze kidogo ufundi wake, maana una akili ya kupendeza. Faili husimbwa kwa muundo uitwao Crypt4GH, unaoikata vipande vya baiti 65,536, kila kimoja kikiwa kimefungwa peke yake. Ufunguo wa kuvifungua umewekwa mwanzoni mwa faili, nao umefungwa kwa namna ambayo mpokeaji mmoja tu anaweza kuufikia, kama barua ndani ya bahasha yenye jina lake. Mtafiti mwingine akiruhusiwa, hubadilishwa bahasha tu. Mwili wa faili, wenye ukubwa wa makumi ya gigabaiti, hauguswi wala haufunguliwi njiani.

Lakini nani anaamuru bahasha ibadilishwe? Si mafundi wa seva. Ni kamati ya kuruhusu matumizi ya data, inayosoma ombi na kulipima dhidi ya ridhaa waliyoitoa washiriki. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko usimbaji wowote, kwa sababu kamati hizi mara nyingi ni watu wawili watatu wenye kazi nyingine, na mradi ukimalizika barua pepe zao hukosa wa kuzijibu.

Jambo hili linatugusa. Mradi wa H3Africa, wa utafiti wa jenomu na afya barani Afrika, ulioanza mwaka 2012, uliandaa data zake Cape Town kisha ukazihifadhi EGA, huku uamuzi wa nani azitumie ukiwa mikononi mwa kamati ya mradi wenyewe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Tukitaka kuwa na kituo chetu, naomba bajeti ya kwanza isiwe ya seva. Iwe ya mishahara ya kamati ya kudumu na katibu wake, yenye muda uliowekwa wa kujibu kila ombi na wajibu wa kutangaza maombi iliyoyakataa na sababu zake.