Kaka Mkubwa wa Ukoo wa Gao

Walimu wangu, na wenzangu mliokuja jioni hii, ahsanteni. Nimeombwa nieleze nilichokipata katika kusoma hadithi za familia za Kichina. Nitasema juu ya riwaya moja tu, iitwayo Familia, ya mwandishi Mchina Ba Jin, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi.

Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na kurasa za mwanzo zilinitaabisha. Nyumba ya Gao, mjini Chengdu, ina vizazi vinne, na kila mwanamume wa makamo humo anaitwa anko. Anko yupi? Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: huyu baba mdogo, huyu mjomba. Ukoo ukakaa sawa. Baadaye nikajua kwamba Kichina chenyewe kinawatenga hivyo hivyo: kaka wa baba ana neno lake, mdogo wa baba lake, mjomba lake. Hata watoto wao wanatengwa. Wa baba mkubwa na baba mdogo wana jina moja la ukoo, hawaoani. Wa shangazi, enzi hizo, uliweza kumposa. Ndiyo maana Juemin, mmoja wa wajukuu wa nyumba ile, anampenda Qin, binti wa shangazi yake, na hakuna anayeshtuka. Kwetu neno binamu linatosha.

Sasa Juexin, kaka yake Juemin. Wadogo zake wanamwita Dage, yaani kaka mkubwa, na jina hilo ndilo mzigo wake. Amemaliza sekondari akiwa wa kwanza, anataka kusoma kemia, moyo wake uko kwa msichana aitwaye Mei. Baba yake ana posa mbili asizoweza kuchagua kati yake. Anaandika majina ya koo hizo kwenye vikaratasi vyekundu, anavifinya, anasimama mbele ya vibao vyenye majina ya mababu, anaomba, anaokota kimoja. Kijana anapoambiwa, anaitikia kwa kichwa. Kisha anaingia chumbani, anajifunika gubigubi, analia.

Bahati ikamletea mke mwema, Ruijue, naye akampenda kwa dhati. Lakini babu anapofariki, wakubwa wa nyumba wanasema damu ya uzazi itamdhuru marehemu, basi Ruijue akajifungulie nje ya mji, ng'ambo ya daraja. Juexin anakubali tena. Siku ya uchungu anafika, anamsikia mkewe akimwita, na mlango umefungwa, maana aliye matangani haruhusiwi kuingia. Anaupiga mlango ule kwa ngumi. Ruijue anakufa upande wa pili.

Wasomaji wengi humpenda Juehui, mdogo wa Juexin na Juemin, anayepanda mashua na kuikimbia nyumba ile kwenda Shanghai. Nami nampenda. Ila mimi ni kifungua mimba, na nimelelewa kwa maneno "wewe ndiye mkubwa". Nilimkasirikia Juexin kwa kila "ndiyo" yake, na kila mara nilijua sauti ile imetoka wapi.

Ba Jin alimchora kutokana na kaka yake mwenyewe, aliyebaki Chengdu kubeba ukoo. Alitaka kaka yake ajione humo, aamke. Riwaya ilianza kutoka gazetini Shanghai mwezi Aprili 1931. Siku zile zile ikafika simu ya maandishi kutoka nyumbani: kaka amejiua. Alikuwa hajasoma hata sura moja.