Anza na Chasisi: Land Rover Kuukuu na Chumvi ya Pwani

Assalamu alaikum, wapenzi watazamaji, na hasa nyinyi wa Maweni, Barani, Mambrui na Gongoni, ambao ndio mnaonitumia maswali mengi kuhusu magari haya. Mmenizoea nikizungumza nanyi kutoka banda langu la Birmingham, lakini video hii naitengeneza hapa Malindi, katika ua wa mjomba wangu, kwa sababu Land Rover yake ndefu ya Series III imepandishwa juu ya magogo na magurudumu yametolewa, kwa hiyo kila kitu kinaonekana. Jibu langu kwa maswali yenu mengi ni moja: anayetaka kulifufua gari kuukuu la porini hapa pwani aanze na chasisi, yaani kiunzi cha chini kinachobeba gari zima, na injini ingoje zamu yake.

Najua jibu hilo haliwafurahishi wengi. Mnaniuliza ni injini gani ya Kijapani inayokubali kuingia, magurudumu yapanuliwe kiasi gani, na taa za juu ya paa ziwe ngapi. Mjomba mwenyewe alikwisha kutenga fedha za injini. Nilipomwomba aniruhusu kwanza niingie chini ya gari, alinijibu, "Mwanangu, bodi yote hiyo haina hata tone la kutu, sasa chini utatafuta nini?"

Ni kweli kwamba bodi haina kutu, na hapo ndipo gari hili linapowapoteza watu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma baada ya vita, ndiyo maana kampuni ya Rover ikatengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa mchanganyiko wa aluminiamu, ambao haushiki kutu nyekundu. Chasisi, hata hivyo, ilibaki ya chuma: boriti mbili ndefu zinazotoka mbele hadi nyuma, zikiunganishwa na boriti fupi za kukingama, na zote zimeundwa kwa bamba lililochomelewa likawa mfano wa sanduku lenye uwazi ndani. Matope na mchanga huingia kwenye uwazi huo kupitia matundu, hukaa humo pamoja na unyevu, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Tazameni boriti hii ya nyuma, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia gari jingine. Nachukua nyundo ndogo, nagonga upande huu wa kulia, na mnasikia sauti kali inayolia, ambayo ni ya chuma kizima. Nikisogea karibu na mahali springi inaposhikwa, sauti inakuwa butu, na vumbi jekundu linadondoka kutoka tundu la chini. Sasa nasukuma bisibisi, bila kutumia nguvu za ajabu, nayo imezama hadi kwenye mpini. Kwa macho, sehemu hii ilikuwa na rangi safi nyeusi. Ndiyo hiyo hiyo inayobeba springi ya nyuma, na ikikatika wakati gari limejaa watu kwenye barabara ya kwenda Sala, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, ekseli itakwenda upande mmoja na gari upande mwingine.

Huko Uingereza adui wetu ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu isishike. Hapa haihitaji kumwagwa na mtu, kwa kuwa inakuja na upepo wa kusi, na tena wapo wanaoendesha ufukweni Mambrui maji yanapokupwa kisha wakaliegesha gari nyumbani bila kulimwagia maji ya bomba kwa chini. Wenzetu wa Gongoni na Marereni, wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, hawahitaji kuelezwa. Wanayaona malori yanavyomalizika.

Chumvi ina hila nyingine inayolihusu gari hili zaidi kuliko mengine. Aluminiamu inapogusana na chuma na kati yao kukawa na unyevu wenye chumvi, hupita umeme mdogo baina ya metali hizo mbili, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Fungueni sehemu ya chini ya mlango, ambapo bati la nje la aluminiamu limekunjwa juu ya fremu ya chuma, na mtaona unga mweupe. Unga huo haurekebishwi kwa rangi. Inabidi vitenganishwe, visafishwe, na vinaporudishwa kuwe na rangi nzito au utepe wa mpira kati yao, na boliti ziwekewe washa za plastiki.

Nije kwenye matengenezo yenyewe. Mafundi wa Malindi wana mikono ambayo mimi naihusudu. Fundi anayetusaidia hapa alikata bamba na kuunda upya kishikio cha springi kwa kukitazama tu kile cha upande wa pili, kazi ambayo sisi kule tungeagiza kipande kwa posta. Ninalotofautiana naye ni kiraka. Kubandika bamba jipya juu ya lililooza ni kuuficha ugonjwa, kwa sababu unyevu unanaswa kati ya mabamba mawili, na chuma kibovu hakishiki weldi. Kateni mpaka mfikie chuma kinacholia kwa nyundo, hata kama tundu litatisha, kisha mchomelee bamba lenye unene ule ule wa asili. Kabla ya kukata, chasisi itegemezwe pande zote, na mpime kwa utepe kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake; vipimo hivyo viwili vikitofautiana baada ya weldi, gari litakwenda upande maisha yake yote. Tena tangi la mafuta, ambalo kwa nyingi za aina hii liko chini ya kiti cha mbele, litolewe lipelekwe mbali. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke.

Kuhusu kupaka lami chini ya gari, rai yangu ni kwamba msiipake juu ya kutu. Ikikauka hupasuka, maji hupenya, na kutu huendelea kwa siri. Oili chafu wanayonyunyiza wazee ina manufaa kiasi, lakini huharibu mipira ya springi na huchafua ardhi. Nta ya kunyunyiza ndani ya boriti, au mafuta mazito yanayotokana na sufi ya kondoo, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kule Uingereza mwenye uwezo hununua chasisi mpya nzima iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450, ambapo zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike.

Sheria za huko nazo zilionyesha uzito wa jambo hili. Hadi mwaka 2025, gari likifanyiwa mabadiliko makubwa, uhifadhi wa namba yake ya usajili uliamuliwa kwa alama: chasisi ilikuwa na alama 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini alama 1 tu. Gari lilihitaji alama zisizopungua 8, na chasisi ilitakiwa iwe ya asili au mpya ya muundo ule ule. Hapa Kenya, ukibadilisha injini unatakiwa kuiandikisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na kwa wanaoniomba niwaletee Land Rover ya miaka ya 1970, jawabu ni kwamba gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo yaliyopo, ambayo mengi yake yaliunganishwa Thika, ndiyo hayo tuliyo nayo.

Baada ya chasisi, breki. Injini ya dizeli ya asili ya gari hili ina nguvu za farasi zipatazo 62, wakati ile ya 200Tdi, iliyoanza kutumiwa katika Discovery mwaka 1989 na ambayo wengi huipenda kwa kubadilishia, inatoa zipatazo 111. Breki zote nne za Series III ni za dramu, na ziliundwa kwa ajili ya gari la mwendo wa polepole, si kwa nguvu kama hizo. Magurudumu makubwa nayo huzielemea hafushafti, yaani vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu, na kuufanya usukani, ambao tayari ni mzito, uwe adhabu. Mimi ningeyaacha ya kipimo cha asili. Snokeli, yaani bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu, siipingi, kwa kuwa hata asiyevuka mto hufaidika nayo kwenye vumbi la barabara ya Sala, mradi tu viungo vyake visivuje.

Mjomba amekubali fedha za injini ziende kwenye bamba na weldi, ingawa bado ananung'unika. Wiki ijayo tutaitoa boriti hii ya nyuma yote na kuweka mpya, na nitawaonyesha kila hatua. Kwa wale wanaotaka ushauri kuhusu magari yao, nawaomba mnitumie picha zilizopigwa kutoka chini, karibu na vishikio vya springi, baada ya kuondoa matope kwa brashi ya waya. Picha za boneti ninazo nyingi za kutosha.